Majina ya njia na mbio zilizokoma: timu ya West Ham katika Custom House

1. Utangulizi

Jina la mahali ni hati ya historia. Hati hiyo hutofautiana na ile ya karatasi kwa jambo moja: husomwa kila siku na watu wasiojua kwamba wanasoma historia. Katika mtaa wa Custom House, mashariki mwa London, karibu na bandari za zamani, kuna njia ziitwazo Wilkinson, Young, Croombs, Atkinson na Hoskins. Hao hawakuwa wafalme wala majemadari. Wanne wa kwanza walikuwa waendeshaji wa pikipiki za mashindano, na wa tano alikuwa mwandalizi wa mashindano hayo. Mahali zilipo nyumba hizo palikuwa na uwanja wa West Ham, ambao umetoweka pamoja na timu yake. Makala haya yanakusudia kueleza majina hayo yalitoka wapi, na kuchunguza ni sehemu gani ya historia yanayoweza kuihifadhi.

2. Mchezo na uwanja

Mchezo wenyewe huitwa spidwei. Waendeshaji wanne huzunguka mara nne katika njia ya duara iliyofunikwa kwa udongo mwepesi, ambayo hapo awali ilikuwa ya majivu ya makaa. Pikipiki zao hazina breki, nazo hupita kwenye kona kwa kuteleza ubavu huku mguu wa kushoto ukiburuta chini. Mshindi hupata pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, na wa mwisho harudi na kitu.

Mchezo huo ulisitawi Australia katika miaka ya 1920. Johnnie Hoskins, mzaliwa wa New Zealand, alikuwa mmoja wa waandalizi wake wa mwanzo, huko West Maitland mwaka 1923. Uingereza iliupokea Februari 1928, katika mashindano ya High Beech, msituni karibu na London. Mwaka huo huo uwanja wa West Ham ulifunguliwa, ukiwa na njia ya pikipiki na mbio za mbwa.

Ukubwa wa uwanja ulipita kiasi, na takwimu mbili zatosha kuonyesha jambo hilo. Desemba 1930 timu ya kandanda ya Thames ilicheza humo na Luton Town mbele ya watu 469 tu. Mwaka 1933, katika pambano la pikipiki baina ya Uingereza na Australia, walihesabiwa watazamaji zaidi ya 80,000. Kwa hiyo uwanja ule ule uliokuwa pango tupu kwa kandanda ulifurika kwa ajili ya pikipiki.

3. Enzi ya sifa

Katika miaka ya 1930 Hoskins aliiongoza timu ya West Ham, na mwaka 1937 ikatwaa ubingwa wa ligi. Tommy Croombs na Arthur Atkinson walikuwa miongoni mwa nguzo zake. Aliyepanda juu kuliko wote ni Arthur Wilkinson, Mwaustralia aliyefahamika kwa jina la Bluey. Katika fainali ya kwanza ya dunia, Wembley mwaka 1936, alishinda mbio zake zote tano, lakini akawekwa wa tatu, kwa kuwa pointi za mashindano ya awali zilijumlishwa katika hesabu. Taji alilipata mwaka 1938. Miaka miwili baadaye alifariki katika ajali ya barabarani nchini kwao.

Baada ya vita alikuja Mwaustralia mwingine, Jack Young. Alikwisha kuwa bingwa wa dunia mwaka 1951 akiwa na timu ya Edinburgh. Mwaka 1952, akiwa wa West Ham, alirudia ushindi huo, na hakuna aliyepata kufanya hivyo kabla yake. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Wilkinson na Young walicheza ugenini, na wageni wakawatunza kwa kuwapa njia.

4. Kuanguka

Katika miaka ya 1950 televisheni iliingia nyumbani, na watazamaji wakapungua viwanjani. Timu ilifungwa baada ya msimu wa 1955. Ilifufuliwa mwaka 1964, na mwaka uliofuata ikatwaa ubingwa wa ligi mpya ya Uingereza. Lakini Julai 1970 gari dogo lililowabeba waendeshaji katika ziara lilipata ajali Lokeren, Ubelgiji. Phil Bishop, meneja wa timu, alifariki pamoja na waendeshaji kadhaa. Mwisho wa msimu wa 1971 timu ilivunjwa. Timu ya Romford ilihamia humo kwa majuma machache, hata Mei 1972 milango ikafungwa. Uwanja ulibomolewa, nyumba zikajengwa.

5. Jina bila msimulizi

Waliozipa njia hizo majina walitenda haki kwa watu wasio wa tabaka la juu. Hata hivyo, jina peke yake ni mtunzaji dhaifu. Kibao cha barabara huandika jina la ukoo tu. Young, kwa mfano, ni pia neno la kawaida la Kiingereza lenye maana ya kijana. Mpita njia asiyeambiwa kitu hawezi kujua kwamba neno hilo lamtaja bingwa. Aidha, majina huchagua: huwataja washindi na mkuu wao, lakini huwaacha mafundi, wafagiaji wa njia ya mbio, na maelfu ya watu waliokuja kutazama.

Basi jina hudumu kama hati pale tu panapokuwapo msimulizi wa kulieleza. Aliyekuwa na umri wa miaka 20 milango ilipofungwa mwaka 1972 amekwisha kupita miaka 70 leo. Atakapoondoka mashahidi wa mwisho, Custom House itabaki na vibao bila masimulizi, na vibao hivyo vitaendelea kuwaelekeza watu nyumbani bila kuwaambia lolote. Hii ndiyo sababu uchunguzi wa majina ya mahali hauwezi kukamilika katika ramani na kamusi. Unahitaji kuwasikiliza wazee na kuandika wanayoyasema, maadamu wapo.