Aliyetumwa Hurudi na Nini? Shabunda, Bristol na Visima vya Gaayo

Kifungu cha 115 cha Katiba ya Kongo kinalipa Bunge la taifa vikao viwili vya kawaida kwa mwaka: Machi 15 hadi Juni 15, kisha Septemba 15 hadi Desemba 15. Miezi inayobaki ni likizo ya bunge. Wakati huo depite, yaani mbunge, hutarajiwa kurudi kwa watu waliomchagua, kuwasikiliza, kuwaeleza kilichopitishwa, na kuandika ripoti ya aliyoyakuta. Huko Shabunda, teritwari ya Kivu Kusini, watu huuliza kwa kifupi: amekuja? Na kama amekuja, amekuja na nini?

Swali hilo la pili ndilo linalonisumbua, kwa sababu limezoea kujibiwa kwa vitu. Depite amekuja na jezi za vijana, mabati ya kanisa, mchango wa msiba. Ni nadra kusikia kwamba amekuja na maelezo: sheria gani imepita, inagusa nini huku kwetu, fedha gani ilitengwa, nani ameipokea, na yeye mwenyewe alipiga kura upande gani. Nasema hivi bila kumdharau anayepokea bati. Kanisa linalovuja linahitaji bati. Lakini bati halimwambii mtu kwa nini mwaka ujao atahitaji bati jingine.

Ukubwa wa mahali penyewe unalifanya jambo hili liwe zito. Shabunda ndiyo kubwa kuliko teritwari zote nane za Kivu Kusini. Ina zaidi ya kilomita za mraba 25,000, yaani zaidi ya theluthi ya jimbo zima. Sehemu yake kubwa ni msitu, na mto Ulindi unaukata kuelekea Lualaba. Barabara ya kutoka Bukavu kupitia Burhale imekuwa mbovu kwa miaka mingi kiasi kwamba chumvi, sabuni na dawa zilizoea kufika kwa ndege ndogo kutoka uwanja wa Kavumu, au kwa migongo ya watu. Februari 2025, waasi wa M23 walipouchukua uwanja huo na kuingia Bukavu, hata njia hiyo ya angani ilikatika. Mahali palipo mbali hivi na kila ofisi, depite anayekaa kimya amewafungia watu dirisha la mwisho.

Kwa nini sheria zetu zinamruhusu akae kimya? Sehemu ya jibu iko mbali sana, katika mji wa bandari wa Bristol, Uingereza. Novemba 3, 1774, Edmund Burke, aliyekuwa amechaguliwa siku hiyo, aliwaeleza wapiga kura wake kwamba mbunge si tarishi wa kubeba maagizo yao. Alisema anawiwa nao akili na uamuzi wake, na kwamba Bunge ni baraza la taifa zima. Waliomsikiliza walikuwa wapiga kura wa mji uliotajirika kwa bahari na kwa biashara ya watumwa. Hata hivyo wazo lake lilienea. Huko Ufaransa, Mapinduzi ya 1789 yalikata kamba iliyomfunga mjumbe kwa maagizo ya waliomtuma, na kifungu cha 27 cha Katiba ya Ufaransa ya 1958 bado kinasema hivyo. Kifungu cha 101 cha Katiba yetu ya Februari 18, 2006 kimefuata nyayo hizo: depite wa taifa anawakilisha taifa, na maagizo yoyote ya kumfunga ni batili.

Sipingi wazo hilo. Depite wa Shabunda anayefungwa na maagizo ya mwenye mgodi mmoja ni hatari kuliko depite aliye huru. Lakini huko lilikozaliwa, uhuru huo ulilipiwa bei. Burke alifika Bristol mara chache, akatetea kulegezwa kwa vikwazo vya biashara ya Ireland dhidi ya matakwa ya wafanyabiashara wake, na mwaka 1780 alipoona hatashinda akajitoa. Wachapaji wa London walikuwa wamekwisha kushindana na Bunge mwaka 1771 hadi ikawezekana magazeti kuandika yanayosemwa ndani. Nchini Marekani, tangu Kongresi ya kwanza mwaka 1789, wabunge walipewa haki ya kutuma barua kwa wananchi bila kulipia posta, na hadi leo hata mbunge wa jimbo dogo huko huwaandikia watu wake mara kwa mara: sheria hii imepita, msaada huu unaombwa ofisi fulani, mkutano utakuwa siku fulani. Depite wa Ufaransa huweka ofisi yenye mlango wazi katika eneo lililomchagua. Kule, mwakilishi aliachiwa mikono, lakini akadaiwa maelezo. Sisi tulipokea kifungu cha kumfungua mikono. Posta, ofisi na gazeti havikuja pamoja nacho.

Na wakati wa kupokea, tulikuwa tumekwisha kunyang'anywa chetu. Hapa ndipo ninapotaka kukaa zaidi, kwa sababu watu wengi wanaoandika kuhusu demokrasia Shabunda huandika kana kwamba kabla ya sanduku la kura msitu huu ulikuwa kimya.

Warega wa Shabunda, Mwenga na Pangi hawakuwa na mfalme. Walichokuwa nacho ni Bwami, chama cha ngazi ambacho mwanamume aliingia akapanda kutoka Kongabulumbu, Kansilembo na Ngandu hadi Yananio na Kindi. Wanawake nao walikuwa na ngazi zao: Bombwa, Bulonda na Bunyamwa. Daniel Biebuyck, Mbelgiji aliyefanya utafiti kati ya Warega miaka ya 1950 na kuchapa kitabu kikubwa juu yao mwaka 1973, alionyesha jinsi mambo yalivyokwenda. Hakuna aliyeweza kupanda peke yake. Ndugu wa baba, wajomba na wakwe walichanga mali. Wakubwa wa chama waliitwa. Mwenendo wa mtu ulipimwa kabla ya mali yake. Kufika juu kulihitaji pia mke aliyeingizwa, kwa hiyo nyumba yenyewe ilikuwa shahidi. Mtu wa Kindi alikuwa anadaiwa na ukoo mzima, naye alijua majina ya wanaomdai.

Mafundisho yalitolewa kwa methali, ngoma na vitu: vinyago vidogo vya mti, sanamu za pembe za ndovu, magamba, mikoba. Baadhi ya vitu hivyo vilikuwa amana ya ukoo vikitunzwa na mtu mmoja. Vililetwa mbele ya waliokusanyika, vikaelezwa, vikarudishwa. Miongoni mwa sanamu hizo kuna ile inayoitwa Sakimatwematwe, mwenye vichwa vingi, ambaye uso wake unatazama kila upande. Ilimfundisha mwenye cheo kwamba kazi yake ni kuona pande zote za jambo kabla ya kusema. Leo sanamu za aina hiyo ziko katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Vijana wengi wa Shabunda hawajawahi kuona hata moja.

Utawala wa Wabelgiji uliiona Bwami kuwa adui. Mamlaka isiyo na kiti kimoja ilikuwa ngumu kuamrishwa, na hatimaye mwaka 1948 chama kilipigwa marufuku. Serikali ilitaka mtu mmoja wa kumwagiza kodi na vibarua, ndiyo maana mfumo wa sheferi, maeneo yaliyo chini ya mashefu, ukakazwa, na hadi leo Shabunda imegawanywa katika sheferi mbili, Bakisi na Wakabango. Mashefu wenyewe nawaheshimu. Hata hivyo lazima isemwe kwamba uwajibikaji uligeuzwa mwelekeo: kabla yake mwenye cheo alitazama chini kwa waliompandisha, baada yake alitazama juu kwa aliyemteua. Depite wa leo, ambaye jina lake hupangwa na wakubwa wa chama mjini Kinshasa au Bukavu, amerithi mwelekeo huo wa pili.

Nisiisifu Bwami kupita kiasi. Maelezo yake ya ndani yalitolewa kwa walioingizwa, si kwa kila mtu. Maskini asiye na ndugu wa kumchangia alibaki chini. Ukiniuliza tuokoe nini kutoka humo, nitasema: ile kanuni kwamba cheo ni amana, na mwenye amana huileta mbele ya watu wanaoijua ili aulizwe. Usiri tuuache.

Kuna mapokeo mengine ya Afrika Mashariki yaliyotatua tatizo la usiri vizuri zaidi. Waborana wa kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya wana mfumo wa gadaa, uliowekwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2016. Kiongozi, Abba Gadaa, hushika uongozi miaka minane, haongezewi. Na kila miaka minane hukutana Gumi Gaayo, mkutano mkuu kwenye eneo la visima vya Gaayo. Hapo sheria husomwa upya kwa sauti, nyingine hurekebishwa, na viongozi huweza kulaumiwa mbele ya kadamnasi. Mkutano wa mwaka 1988 uliandikwa kwa makini na mtafiti Abdullahi Shongolo. Wanawake hawakupewa nafasi sawa, na hilo ni pengo kubwa. Lakini fikiria nguvu ya jambo moja: sheria inatamkwa kwa lugha ya wanaoifuata, mahali wanaponyweshea ng'ombe wao, na aliyeisimamia yupo asikie.

Dola za kisasa za Afrika Mashariki zimejaribu kuandika kitu kama hicho. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 104, iliwapa wapiga kura haki ya kumwondoa mbunge kabla ya muda wake, ingawa mwaka 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha masharti ya sheria ya utekelezaji kwa kuwa yalimzuia mwananchi badala ya kumsaidia. Tanzania ina mkutano mkuu wa kijiji, ambamo kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ni mjumbe, chini ya sheria ya serikali za mitaa ya 1982. Kati ya hivi viwili mimi nauona mkutano wa kijiji kuwa na faida zaidi. Kumfukuza mbunge ni silaha ya siku moja. Kumhoji mwenye madaraka kila baada ya miezi mitatu ni mazoea, na mazoea hulea watu.

Shabunda haina hata mkutano kama huo. Madiwani wa sheferi, ambao sheria ya Oktoba 7, 2008 inawataja, hawajawahi kupigiwa kura na watu wa huko. Ndiyo maana daraja, shule, mgonjwa na maiti vyote humwangukia depite. Analemewa, naye hujitetea kwa mabati. Namwonea huruma kwa hilo. Lakini huruma haifuti wajibu, na wajibu wake wa kueleza una mambo halisi ya kuelezwa.

Chukua madini. Shabunda ilichimbwa kasiteriti, madini ya bati, tangu enzi za Wabelgiji; kampuni ya SOMINKI iliyoundwa 1976 ilifanya kazi humo hadi ilipokufa katika miaka ya 1990, na kampuni ya SAKIMA ikarithi vibali. Katika miaka ya 2013 hadi 2015 mashine za kufyonza dhahabu zilijaa mto Ulindi, na ripoti ya shirika la Global Witness ya 2016 ilionyesha jinsi serikali ilivyopoteza chake huku wenye silaha wakijinufaisha. Mwaka 2018 kanuni ya madini ilirekebishwa: katika mrabaha wa mwenye kibali cha kuchimba, asilimia 50 huenda serikali kuu, 25 jimboni, 15 kwa eneo la utawala lililo na mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Eneo hilo, kwa Shabunda, ni sheferi. Ni wachimbaji wangapi wa Katchungu au Lulingu waliowahi kuelezwa hesabu hiyo kwa Kiswahili? Au chukua mpango wa maendeleo wa teritwari 145, ulioahidi shule, vituo vya afya na ofisi za utawala kila mahali, Shabunda ikiwemo. Mwananchi anayejua majengo gani yalipangwa kwake anaweza kuuliza yako wapi. Asiyejua atashukuru kwa lolote.

Wala depite hana sababu ya kusema kwamba sheria imeandikwa kwa Kifaransa. Kifungu cha 142 cha Katiba kinaitaka serikali isambaze kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila lugha ya taifa kati ya nne, Kiswahili kikiwa mojawapo, ndani ya siku 60 tangu itiwe saini. Depite ana haki ya kumhoji waziri kwa nini hilo halifanyiki. Wakati akingoja jibu, redio ipo: Maendeleo ya Bukavu tangu 1993, Okapi tangu 2002, na mikutano ya tribini ambapo kiongozi husimama mbele ya umma akaulizwa. Haihitaji barabara ya Burhale kutengenezwa kwanza.

Basi, mheshimiwa depite wa Shabunda, wa taifa au wa jimbo, likizo ijayo usitangulize mzigo wa zawadi. Njoo na hesabu ya ile asilimia 15: mwaka hadi mwaka, sheferi ya Bakisi ilipata nini, Wakabango ilipata nini, na nani alitia saini. Isome kwa Kiswahili, mtu aifasiri kwa Kilega, lugha ya Warega, wanawake wakiwa wamekaa mbele. Kisha ubaki hapo mpaka swali la mwisho liulizwe.