Fomu ya Uraia kwa Watoto wa Rumonge
Barabara ya Bujumbura hupita Kabezi, kisha hufuata ziwa hadi Rumonge, mji wa michikichi na Waswahili. Huko na Nyanza-Lac uasi wa Wahutu ulizuka tarehe 29 Aprili 1972. Jeshi la Burundi likajibu kwa kuua Wahutu kwa miezi. Walionusurika walikimbilia Tanzania, wakapewa makazi Ulyankulu, Katumba na Mishamo.

Mwaka 2007, walipoulizwa kama watarudi kwao au watabaki, takribani wanne kati ya watano walichagua uraia wa Tanzania. Wakajaza fomu. Sharti lilikuwa zito: kuukana uraia wa Burundi, nchi ambayo wengi wa vijana hawakuwahi kuiona.

Maombi zaidi ya 162,000 yalikubaliwa 2010. Kisha urasimu ukaonyesha makucha: mtu raia jaladani, mkononi hana karatasi. Vyeti vilianza kugawiwa Oktoba 2014.