The African Queen (filamu)

The African Queen ni filamu ya vita na mapenzi iliyotoka mwaka 1951. Iliongozwa na John Huston na kutayarishwa na Sam Spiegel kutokana na riwaya ya Mwingereza C. S. Forester ya mwaka 1935. Nyota wake ni Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Hadithi inatokea katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani (Tanzania bara, Rwanda na Burundi za leo) mwanzoni mwa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Hadithi

Mwaka 1914 Rose Sayer na kaka yake Samuel (Robert Morley) ni wamisionari Waingereza. Askari wa Kijerumani wanachoma kijiji chao na kuwachukua wakazi. Samuel anapigwa, anaugua na kufa. Rose anaondoka na Charlie Allnut, fundi Mkanada mwenye mashua ya mvuke iitwayo African Queen. Anamshawishi wateremke Mto Ulanga hadi ziwani, wakaizamishe manowari ya Kijerumani kwa topido za kujitengenezea. Katika safari yenye maporomoko, risasi na ruba wanapendana. Mwishoni wanakamatwa na kuhukumiwa kunyongwa, lakini manowari inagonga mashua yao iliyopinduka na kulipuka. Katika riwaya jaribio lao linashindikana, na meli ya Wajerumani inazamishwa na boti za Uingereza.

Utayarishaji

Picha nyingi za nje zilipigwa Uganda na Kongo ya Kibelgiji, si Tanganyika. Sehemu nyingine zilipigwa studio nchini Uingereza. Mpigapicha mkuu alikuwa Jack Cardiff. Watu wengi wa kikosi waliugua; Bogart alipenda kusimulia kwamba yeye na Huston walinusurika kwa kunywa wiski badala ya maji. Hepburn aliandika kitabu kuhusu kazi hiyo mwaka 1987.

Filamu na historia

Forester alitumia kwa uhuru habari za mapigano ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1915 Waingereza walisafirisha boti mbili, Mimi na Toutou, kwa reli na kwa kuzivuta nchi kavu kupitia Kongo. Zilikamata meli ya Kijerumani Kingani tarehe 26 Desemba 1915 na kuizamisha Hedwig von Wissmann Februari 1916. Meli kubwa zaidi, Graf von Götzen, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe karibu na Kigoma Julai 1916. Baadaye iliopolewa, na tangu 1927 ikaitwa Liemba. Kwa miaka mingi ilisafirisha abiria kati ya Kigoma, Kasanga na Mpulungu.

Mto Ulanga upo kweli. Ni jina lingine la Kilombero, unaopokea maji ya mito ya nyanda za juu za Iringa na Njombe, kama vile Ruhuji na Mnyera. Lakini hauingii ziwani: unaungana na Rufiji kuelekea Bahari ya Hindi.

Katika nyanda hizo vita vilikuwa vya nchi kavu. Kikosi cha Jenerali Edward Northey kutoka Nyasaland kiliteka Neu-Langenburg (Tukuyu) Mei 1916, kikapigana Malangali Julai na kuingia Iringa mwishoni mwa Agosti. Oktoba Wajerumani waliorudi nyuma kutoka Tabora walipigana tena katika eneo la Iringa. Majeshi ya pande zote yalitegemea wapagazi Waafrika, na makumi ya maelfu yao walikufa, hasa kwa njaa na maradhi.

Mapokezi

Filamu ilipata watazamaji wengi. Bosley Crowther wa gazeti la The New York Times aliona kwamba hadithi haisadikiki kirahisi, ila akasifu ustadi wa waigizaji na mwongozaji. Iliteuliwa kugombea Tuzo za Academy nne: mwigizaji bora wa kiume, mwigizaji bora wa kike, mwongozaji na mswada wa filamu. Bogart alishinda, nayo ikawa Oscar yake pekee. Mwaka 1994 filamu iliingizwa katika orodha ya kitaifa ya filamu za kuhifadhiwa nchini Marekani. Mwaka 1998 American Film Institute iliiweka nafasi ya 17 kati ya filamu 100 bora za Marekani.

Lawama kubwa zaidi inahusu nafasi ya Waafrika. Wanaonekana mwanzoni wakiimba kanisani, kisha wakichukuliwa na askari, na ngomeni wakifyatua risasi. Hakuna mhusika Mwafrika mwenye jina anayebeba hadithi. Vita vilivyoua watu wengi wa nchi hii vinabaki mandhari ya mapenzi ya wageni wawili. Kwa sababu hiyo filamu hutazamwa zaidi kama kazi bora ya uigizaji kuliko kama ushahidi wa historia ya Tanganyika.