Kutoka Nyeri kwa ndege: kilomita ni zile zile, safari si moja

Wiki jana nilikuwa naandika kiprogramu kidogo: unakipa latitudo na longitudo za miji miwili, nacho kinakupa umbali na muda wa ndege. Nikakijaribu kwa Uwanja wa Wilson, Nairobi, hadi Nyeri mjini. Jibu: kama kilomita 100. Aliyezoea matatu za kupitia Thika na Karatina atasema ni 150. Wote wako sawa, maana ndege haizunguki migongo ya Murang'a.

Basi nikatafuta safari ya kweli katika historia yetu. Usiku wa kuamkia 6 Februari 1952, Binti Mfalme Elizabeth alilala Treetops, msitu wa Aberdare. Usiku huo huo baba yake, Mfalme George VI, alifariki Uingereza. Mawimbi ya redio hufika huku kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, lakini yeye alikaa mpaka alasiri bila kujua kwamba ni malkia. Mwandishi wa habari aliyekuwa hoteli ya Outspan, Nyeri, ndiye aliyemdokezea katibu wake, Martin Charteris. Simu ikapigwa Sagana Lodge, na huko wakafungua redio kuhakikisha kwa BBC.

Jioni akapanda Dakota Nanyuki kwenda Entebbe. Hapa hesabu ni tamu kwa sababu miji yote miwili iko karibu kabisa na Ikweta, kwa hiyo huhitaji fomula ndefu. Longitudo 37.0 kutoa 32.4 ni nyuzi 4.6. Zidisha kwa 111, unapata kilomita 510 hivi. Kwa mwendo wa Dakota, kama kilomita 270 kwa saa, ni saa mbili kasoro. Entebbe hadi London ni kama kilomita 6,500. Mvua ya radi iliwachelewesha Entebbe, wakatua Libya kujaza mafuta, na tarehe 7 wakafika London.

Oktoba mwaka huo huo hali ya hatari ilitangazwa Kenya. Baadaye ndege za Lincoln ziliruka kutoka Eastleigh kwenda kupiga mabomu misitu ya Aberdare na Mlima Kenya. Ni zile zile kilomita 100, chini ya dakika 20. Chini yao wapiganaji walitembea usiku kwa miguu, na wanakijiji waliofungiwa ndani ya mahandaki na seng'enge hawakuweza kwenda hata soko la jirani bila kibali. Mwaka 1954 Treetops yenyewe ilichomwa moto.

Dedan Kimathi alikamatwa ukingoni mwa msitu, Nyeri, tarehe 21 Oktoba 1956. Alihukumiwa Nyeri, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Nimeingiza Nyeri na Kamiti kwenye programu: kilomita 85. Kwa Dakota ni dakika 19. Lakini kaburi lake halijaonyeshwa mpaka leo, kwa hiyo familia yake imo safarini tangu mwaka huo.

Fomula haina kosa, wadau. Ila sikuipa sehemu ya kuuliza nani anasafiri, na kama aliruhusiwa kurudi. Haya, tukutane tena.