Mke wa Jambazi na Daktari wa Jambazi

Ndugu msomaji, wapo wenzetu wanaodhani kwamba athari ya msanii kwa msanii mwingine ni kuiga tu: huyu kachukua cha yule, basi. Mimi nasema sivyo. Anayeathiriwa aweza pia kujibu. Nitatoa mfano mmoja wa Marekani.

Mwaka 1990 Martin Scorsese alitoa filamu ya Goodfellas, inayosimulia maisha ya jambazi Henry Hill. Januari 1999 kituo cha HBO kikaanza kuonyesha The Sopranos, tamthilia ya televisheni iliyobuniwa na David Chase, ikaendelea hadi Juni 2007 kwa sehemu 86. Chase hakuficha deni lake kwa Scorsese. Michael Imperioli, ambaye katika filamu ni Spider, kijana mhudumu anayepigwa risasi ya mguu, katika tamthilia ni Christopher, na safari hii ni yeye anayempiga risasi ya mguu muuza mikate! Ukiishia hapo utasema ni utani wa wasanii tu.

Lakini mtazame Lorraine Bracco. Katika filamu ni Karen, mke wa Henry. Anapopewa bastola yenye damu aifiche, hakimbii. Anakiri kwamba ilimsisimua. Nasi tunasisimka naye. Chase alipomtaka awe tena mke wa jambazi, Bracco alichagua nafasi ya Daktari Melfi, anayemtibu Tony Soprano kwa mazungumzo. Melfi hakuolewa na jambazi, anamsikiliza tu. Kumbe kusikiliza nako kuna utamu wake! Katika sehemu ya 85 anasoma utafiti unaodai kuwa tiba hiyo huwanoa wahalifu badala ya kuwaponya. Anamfungia mlango.

Hapo nilishtuka, kwa sababu mimi sikuufunga wangu. Nilikuwa nimemcheka Tony, nikamhurumia, hata nikamwombea asikamatwe, ilhali nilimwona akiua kwa mikono yake. Filamu ya saa mbili na nusu inatuonjesha ujambazi na kutuachia. Tamthilia ndefu inatuzoesha, na mazoea yana taabu. Scorsese alionyesha jinsi mke anavyovutwa. Chase akamgeuza mwigizaji yuleyule kuwa kioo cha mtazamaji. Hilo si wizi, ni mjadala.

Basi, ndugu zangu wahakiki, tusiishie kuuliza nani kamwiga nani. Tuulize: aliyekopa amelipa nini? Na sisi tuliokaa kitako tukitazama, tumelipa nini?