Sahani ya Bwana Guérin

Mapema Januari 1800, katikati ya baridi kali, mvulana wa miaka kama 11 au 12 alitoka porini akaingia kwa mtengeneza ngozi mmoja katika kijiji cha Saint-Sernin, kusini mwa Ufaransa. Mwilini alibakiwa na vipande vya shati tu. Hakusema neno. Alipowekewa vyakula alivinusa kimoja kimoja, akavisukuma, akachagua viazi mbatata. Hivyo akavitupa motoni, kisha akavichopoa kwenye makaa kwa mkono mtupu na kuvila vingali vya moto.

Wanavijiji walikuwa na habari zake. Kwa miaka kama mitatu watu walikuwa wakimwona kwa mbali katika misitu ya Lacaune, akichimbua mizizi na kuiba viazi mashambani. Alikwisha kukamatwa mara mbili, na mara zote mbili akatoroka. Waliomchunguza walikuta makovu mwili mzima, na moja lilikatiza kooni. Walioliona walihisi kwamba kuna mtu aliyejaribu kumchinja alipokuwa mdogo, akamwacha msituni akidhani amekwisha kufa.

Agosti ya mwaka huo alipelekwa Paris kwa amri ya waziri wa mambo ya ndani, Lucien Bonaparte, mdogo wake Napoleon. Ufaransa ilikuwa ndiyo kwanza inatoka kwenye mapinduzi, na wasomi wake walikuwa wakibishana usiku na mchana juu ya swali moja: mtu asiyelelewa na watu huwa mtu wa namna gani? Sasa wakaona jibu linaletwa kwa gari la farasi. Mji ukamiminika kumtazama. Walichokikuta ni mtoto mchafu anayejiyumbisha mbele na nyuma kutwa nzima, anayeuma na kuparura kila anayemsogelea, na asiyemtazama mtu usoni. Hamu ikawaisha haraka. Mtoto akabaki anazurura kwenye korido za Taasisi ya Viziwi, mtaa wa Saint-Jacques, hana mwalimu na hana mlezi.

Aliyeitwa kutoa uamuzi alikuwa Philippe Pinel, daktari wa magonjwa ya akili aliyeheshimika kuliko wote nchini. Pinel alimlinganisha na watoto aliokuwa akiwaona kila siku katika hospitali za Bicêtre na Salpêtrière, wale ambao enzi hizo waliitwa mapunguani bila haya, akasema huyu ni mwenzao. Hafundishiki. Siku zile maana yake ilikuwa kufungiwa pamoja nao mpaka kufa.

Daktari kijana aliyekuwa ndio kwanza ameajiriwa pale Taasisi hakukubali. Jean Itard alikuwa na miaka 26, na udaktari aliuanzia katika hospitali ya kijeshi wakati wa vita. Yeye alisema mtoto huyu si mgonjwa, amekosa watu tu. Mpe watu, atarudi. Naona wote wawili walishika kipande. Siku hizi wapo wataalamu wanaosema dalili zile ni za usonji, na kwamba huenda mtoto alitupwa kwa sababu hakuwa kama wengine, wala si msitu uliomfanya vile. Hilo halitathibitishwa tena. Lililo hakika ni kwamba Itard aliomba apewe mtoto, akapewa, na kwa mara ya kwanza daktari akaandika kwa kirefu jinsi alivyojaribu kumtibu mtoto kwa kumfundisha.

Hapo ndipo anapoingia Bibi Guérin. Aliishi palepale Taasisi na mumewe, na serikali ilimlipa faranga 150 kwa mwaka amtunze mtoto. Vitabu vingi humtaja kwa mstari mmoja, kama mtu anavyomtaja yaya wa nyumba, kisha vinarudi kwa daktari. Lakini soma ripoti mbili za Itard, ya 1801 na ya 1806, kwa kuhesabu saa. Daktari alikuwa na saa zake za masomo. Saa zilizobaki, za kula, kuoga, kulala, kutembea na kuugua, zilikuwa za yule mama.

Kazi yao ya kwanza ilikuwa kumwacha alivyo. Akilala giza likiingia, basi alale. Anavyopenda kula, ndivyo apikiwe. Theluji ikianguka na yeye akitoka mbio bustanini nusu uchi, akigaagaa na kucheka, wasimzuie kwa kelele. Pole pole wakaanza kumwamsha mwili. Huyu alikuwa mtoto anayeweza kutia mkono kwenye maji yanayochemka asishtuke, na bastola ikilia nyuma yake hageuki. Ila ukivunja jozi chumba cha pili, taratibu, tayari yupo mlangoni. Masikio yalikuwa mazima, basi. Yalisikia kile tu alichoishi kwacho. Wakawa wanamwogesha kwa maji ya moto saa mbili au tatu kila siku, wiki baada ya wiki, mpaka siku moja akachovya kidole kwenye beseni, akaona maji yamepoa, akakataa kuingia. Itard alifurahi kama aliyepata dhahabu. Mtoto aliyeanza kuona baridi ataona haja ya kuvaa nguo, na kweli, akaanza kuvaa mwenyewe.

Jina nalo lilitoka kwenye sikio. Waliona kwamba kila mtu akitamka sauti ya "o" kwa nguvu, mtoto hugeuka. Wakatafuta jina lenye sauti hiyo, wakamwita Victor.

Masomo yenyewe yalikuwa ya kubuni siku kwa siku, maana hapakuwa na kitabu cha kunakili. Itard alichora vitu ubaoni, ufunguo, mkasi, nyundo, na Victor akatakiwa kutundika kila kitu juu ya mchoro wake. Akaweza. Zikafuata karatasi za rangi na maumbo, duara juu ya duara, mraba juu ya mraba. Akaweza. Kisha herufi, kila moja na kisanduku chake. Kila somo jipya lilimletea hasira. Alitupa herufi, akang'ata shuka, akaanguka chini kama mwenye kifafa. Siku moja Itard, akijua jinsi mtoto anavyoogopa mahali pa juu, alifungua dirisha la ghorofani, akamshika na kumning'iniza nje kichwa kikitazama chini. Alipomrudisha, Victor alikuwa amepauka na anatetemeka. Akaokota karatasi zake zote, akazipanga, kisha akajitupa kitandani akalia. Itard aliliandika tukio hilo bila aibu, kama tiba iliyofaulu. Leo mwalimu wa namna hiyo angefikishwa polisi, na sioni sababu ya kumtetea.

Neno la kwanza lilikuwa "lait", yaani maziwa. Lakini Victor alilitamka akisha kupewa maziwa, kwa furaha, si kwa kuyaomba, na Itard akahesabu hilo kuwa ni kushindwa. Halafu wakampa herufi nne za neno hilo. Wiki moja baadaye, siku ya matembezi kwenda kwenye nyumba fulani ambako huwa anapewa maziwa, Victor alizitia mfukoni bila kuambiwa na mtu. Alipofika akazitoa, akazipanga mezani: L, A, I, T. Hilo daktari alilikubali.

Zaidi ya hapo sauti haikufika mbali. Miaka mitano ya kumfundisha kusema ilizaa vijineno vya kuhesabika, na viwili havikutoka darasani. Kimoja ni "Oh Dieu!", ewe Mungu, alichokidaka kinywani mwa Bibi Guérin. Kingine ni silabi ya "li" aliyoirudia mara kwa mara, na Itard mwenyewe alidhani imetokana na jina la Julie, binti wa Bibi Guérin, aliyekuwa akija kuwatembelea Jumapili.

Katika ripoti ya 1806, Itard akiwa amechoka na anakiri kwamba lugha imemshinda, kuna kurasa chache ambazo hazihusu herufi wala maumbo. Anasimulia kwamba Victor aliwahi kutoroka, akakamatwa na askari upande wa Senlis, akafungwa majuma mawili akiwa hajulikani ni nani, kisha akarudishwa Paris. Bibi Guérin alipokuja kumchukua, mtoto alimwona akazimia. Alipozinduka mikononi mwake, alipiga kelele za furaha, na waliokuwepo walidhani wanamwona mwana aliyerudi kwa mama yake.

Kisha kuna habari ya sahani. Kazi moja ya Victor nyumbani ilikuwa kuandaa meza. Bwana Guérin aliugua, akapelekwa kuuguzwa mahali pengine, na Victor kila siku akaendelea kuweka sahani yake mahali pake, na kila siku akaambiwa aiondoe. Mzee akafariki. Jioni ya siku ileile Victor akaandaa meza kama kawaida, sahani ya mzee ikiwemo. Bibi Guérin alipoiona akaangua kilio. Victor akasimama, akamtazama, akaelewa kwamba kilio kile kimetoka mikononi mwake. Akaichukua sahani, akairudisha kabatini kwa huzuni. Hakuiweka tena.

Hilo hakufundishwa na mtu. Hakuna ubao uliochorwa kwa ajili yake. Itard alikuwa mtu wa kweli kiasi cha kuliandika, lakini aliliweka katika sehemu ya mwisho ya ripoti, baada ya sikio, ulimi na jicho. Karne mbili wanaofuata nyayo zake wamefanya vivyo hivyo.

Maana nyayo zilifuatwa. Mwaka 1837 Itard, akiwa mgonjwa na amebakiza mwaka mmoja wa kuishi, alimwelekeza kijana Édouard Séguin amfundishe mtoto mmoja aliyesemwa hafundishiki. Séguin alifaulu, akafungua shule, akapewa watoto wa Bicêtre, wa namna ileile ambayo Pinel aliikatia tamaa, akagombana na wakubwa wa hospitali, akafukuzwa. Mwaka 1846 alichapa kitabu kinene juu ya malezi ya watoto hao: kupanda ngazi, kushika mipira, kufunga vifungo, kupanga maumbo katika matundu yake, kwanza mwili, kisha akili. Baada ya mapinduzi ya 1848 alihamia Marekani, akasaidia kuanzisha shule za namna hiyo huko, akafia New York mwaka 1880.

Mjini Roma, daktari mwanamke kijana akaviokota vitabu hivyo vilivyokwisha kusahauliwa. Maria Montessori alihitimu udaktari mwaka 1896. Katika nyumba za vichaa alikuta watoto wamefungiwa chumba kitupu, na mwangalizi wao akilalamika kwamba wakimaliza kula hujitupa sakafuni kuokota makombo. Montessori akatazama chumba: hamna kitu kingine cha kushika. Akamtafsiri Itard na Séguin kwa Kiitalia, akawanakili kwa mkono wake, neno kwa neno, ili awasome bila haraka. Mwaka 1900 ilifunguliwa shule ya kuwaandaa walimu wa watoto hao, naye akawa miongoni mwa wakuu wake wawili, akifundisha toka saa mbili asubuhi hadi saa moja usiku. Baadhi ya watoto aliowafundisha humo walifanya mtihani wa shule za kawaida wakafaulu. Watu wakashangilia, yeye akajiuliza wale watoto wazima wanafundishwaje hata walingane na hawa.

Kuanzia Januari 1907 aliwapelekea watoto maskini wa mtaa wa San Lorenzo vifaa vya namna hiyo: fremu za vifungo, silinda za mbao za kuchomeka matunduni, herufi za msasa za kupapasa kwa kidole. Kutoka hapo vikaenea duniani, mpaka kwetu, ambako masista wamewafundisha walimu wengi kuvitumia, na mzazi wa Dar es Salaam husema "nimempeleka montesori" bila kujua kwamba anataja jina la mtu, seuze la mvulana aliyekuwa nyuma ya mtu huyo. Shule moja niliyowahi kuingia ilikuwa na seti nzima ya silinda hizo, inang'aa, ndani ya kabati la kioo lililofungwa kwa kufuli. Nikauliza. "Watoto wanaviharibu," nikajibiwa.

Sikucheka sana, kwa sababu Montessori naye alipotembelea Bicêtre alikuta vifaa vya Séguin vikitumika na njia yake imesahauliwa.

Turudi mtaa wa Saint-Jacques. Baada ya ripoti ya 1806 Itard aliachana na masomo ya Victor, akaendelea na viziwi na magonjwa ya masikio, kazi iliyompa jina kubwa. Taasisi ikaona kijana aliyekwisha balehe, asiyesema na mwenye hasira za ghafla, hafai kukaa kati ya wanafunzi. Mwaka 1811 akahamishiwa nyumba ndogo ya jirani, kwenye kichochoro cha Feuillantines, pamoja na Bibi Guérin. Mwaka 1817 msomi mmoja, Julien-Joseph Virey, aliandika kwamba bado ni mwoga, nusu mwitu, na hajajifunza kusema.

Victor alifia humo mwaka 1828, akiwa na miaka kama 40. Itard hakuandika ripoti ya tatu. Bibi Guérin hakuandika hata ya kwanza.