Kiambishi -me- na nyakati za Kiingereza

Darasani, kiambishi -me- hulinganishwa na wakati uliopo timilifu wa Kiingereza: "amefika" huwa "she has arrived". Ulinganisho huo hupotosha pale kitenzi kinapotaja hali iliyoletwa na tendo, kama vile kulala, kuchoka, kuvaa, kusimama au kuketi. Muuguzi akiandika "mgonjwa amelala", tafsiri yake ni "the patient is asleep" (au "is lying down", maana Kiswahili hakitenganishi mambo hayo mawili, muktadha ndio uamuao). Mfasiri akiweka "has slept", daktari ataelewa kwamba usingizi umekwisha. Kadhalika "amevaa koti" ni "she is wearing a coat", ilhali "anavaa koti" humwonyesha mtu ambaye bado anaingiza mikono, yaani "she is putting on a coat".

Vielezi vya wakati navyo vichunguzwe. "Amefika jana" husikika sana katika mazungumzo, lakini Kiingereza sanifu hukataa "has arrived yesterday". Kielezi cha wakati uliokwisha, kama "yesterday" au "in 1964", hudai wakati uliopita sahili: "she arrived yesterday".